Mkanda wa Mkononi, Maumivu ya Kichwani: maneno kwa askari wastaafu wa Tanga

(Haya niliyazungumza hapa Tanga mjini mbele ya askari wastaafu na familia zao. Nimeyaandika kwa sababu wengi waliyaomba. Marudio nimeyapunguza, na mizaha miwili mitatu nimeiacha palepale ukumbini.)

Wazee wangu, shikamooni. Makamanda, mama zangu, ndugu zangu nyote, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Nimeitwa nizungumze juu ya kifaa. Picha yake mmeshaiona, imezunguka sana kwenye simu zenu: mkanda unaovaliwa mkononi, karibu na bega, na maneno chini yake kwamba unatuliza kichwa bila dawa na kwamba wanajeshi wastaafu wa Marekani wanautumia. Wengine mmeniuliza kama ni utapeli. Afande mmoja, nimemwona yupo pale nyuma, yeye hakuuliza kama ni kweli, aliuliza bei. Majibu nitayatoa, lakini nivumilieni nianze na ugonjwa wenyewe, kwani nikianza na kifaa mtatoka hapa mkijua kifaa tu.

Kazi yangu ni fiziotherapia. Migongo, magoti, mabega, waliopooza upande. Umeme wa kutuliza maumivu nimeuzoea, ni zana ya kila siku pale ninapofanya kazi. Ila mimi si daktari wa mishipa ya fahamu, kwa hiyo zipo sehemu nitakazowatuma kwa daktari, na nikiwatuma mwende.

Kipandauso mnakijua hata kama hamkuwahi kukiita hivyo. Kichwa kinawanga, mara nyingi upande mmoja, kinapwita kufuata mapigo ya moyo. Ukiinama kinazidi, ukipanda ngazi kinazidi. Mwanga unakuchoma, kelele zinakuudhi, tumbo linachafuka, mwingine anatapika. Kisipotibiwa kinaweza kukaa saa 4, kinaweza kukaa saa 72. Wako ambao kabla hakijaanza huona vimulimuli au mstari wa mwanga uliovunjikavunjika ukitambaa mbele ya macho, au mkono unakufa ganzi. Duniani wanaougua ni zaidi ya watu bilioni 1, na wanawake ni mara mbili hadi tatu ya wanaume. Kwa hiyo mama zangu mliofuatana na wazee, msijihesabu wasindikizaji leo.

Sasa hapa pwani mtu akipatwa na hali hiyo tunamfanyaje? Tunamkaza leso kichwani. Tunampiga chuku. Tukichoka tunasema ana shetani wake anataka kitu, na mwenye haraka anasema malaria. Leso siilaumu, kuna watu inawapa nafuu kidogo na haina gharama. Malaria nayo ipo, na kichwa chenye homa kikapimwe kabla ya maneno mengine yoyote. Lakini kichwa kinachokuja na kuondoka kwa miaka 20, sura ileile, upande uleule, hiyo si malaria ya miaka 20.

Kwa askari kuna jambo la ziada. Jeshini mtu haumwi kichwa. Amevunjika mguu, sawa, mguu unaonekana. Ametoka damu, sawa. Lakini anayesema taa za kombania zinamuumiza macho anaonekana mtegaji. Basi mtu anajifunza kunyamaza akiwa na miaka 22, anastaafu nao ule ukimya, anakuja nao nyumbani, na mkewe ndiye anayejua kwamba leo mzee amefunga madirisha yote na hataki redio.

Na sababu za kuumwa zipo. Mji wetu huu unakumbukwa katika historia ya vita kwa yale ya mwanzoni mwa Novemba 1914, Waingereza waliposhuka na askari wao kutoka India, wakarudishwa baharini na jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck, na nyuki wakaingilia kati wakiwauma wa pande zote mbili. Hadithi ya nyuki kila mtoto wa Tanga anaijua. Ambalo halisimuliwi ni kwamba katika vita hiyohiyo, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mwaka 1915, daktari Charles Myers aliyekuwa na jeshi la Uingereza huko Ufaransa aliandika katika jarida la Lancet juu ya askari watatu ambao mizinga iliwalipukia karibu: kumbukumbu ilipotea, kuona kukaharibika, kunusa na ladha vikaondoka. Madaktari wakaanza kubishana kama hawa wameumia au wameogopa. Ubishi huo umechukua miaka mingi mno, na nadhani askari wengi wameteswa zaidi na ubishi wenyewe kuliko na mizinga.

Leo tunajua kwamba mlipuko unaweza kuutikisa ubongo bila kuacha alama kwenye ngozi. Marekani peke yake imeorodhesha askari zaidi ya 400,000 waliopata jeraha la ubongo tangu mwaka 2000, wengi wao majeraha yale yanayoitwa madogo, na wengi waliyapata mazoezini au kwenye ajali za magari, si vitani. Kichwa kinachobaki baada ya jeraha kama hilo mara nyingi kina tabia zote za kipandauso. Mliokuwa Operesheni Chakaza, ile vita ya Kagera, mkafika Kampala Aprili 1979, mliokwenda Darfur, mliokuwa Kongo wakati kambi ya Semuliki iliposhambuliwa, Desemba 2017, mnajua mlisimama karibu na nini. Ongezeni usingizi uliokatwakatwa na malindo, na ndoto ambazo mtu hazisimulii. Usingizi mbovu peke yake unatosha kukiamsha kipandauso.

Sasa nakuja penye uchungu wangu. Askari huyu aliyenyamaza hakukaa bure, alijitibu. Alikuja kwangu mzee mmoja kwa ajili ya mgongo. Nikamwomba anionyeshe dawa anazotumia, akamimina mezani mfuko wa nailoni: Panadol, diklofenaki, ibuprofeni, na vidonge vyeupe visivyo na jina vilivyofungwa kwenye karatasi ya gazeti. Nikamuuliza anameza lini. Akasema, "Kila siku, mwanangu, nikiacha kichwa kinarudi."

Hapo ndipo mtego ulipo, na naomba tusimame hapa kidogo. Dawa ya maumivu ikitumika mno kwa mtu mwenye kipandauso inageuka yenyewe kuwa chanzo cha kichwa. Madaktari wana mipaka waliyokubaliana. Kwa vidonge vya kawaida kama parasetamoli au ibuprofeni, ni siku 15 au zaidi kwa mwezi. Kwa dawa za mchanganyiko, dawa za jamii ya triptani, zile za kutibu kipandauso chenyewe, na zile za jamii ya afyuni, ni siku 10 au zaidi. Ukienda hivyo kwa zaidi ya miezi mitatu, na kichwa kinakuuma siku 15 au zaidi kila mwezi, uwezekano ni mkubwa kwamba unameza kile kinachokuumiza. Angalieni vizuri: zinazohesabiwa ni siku, si vidonge. Mtu anaweza kumeza kidogokidogo, kila asubuhi moja tu, akajiona ana kiasi, kumbe ameshavuka mpaka zamani.

Na hizo diklofenaki na ibuprofeni kwa mzee mwenye presha zina mambo mengine. Zinapandisha presha, zinaumiza figo, zinatoboa tumbo. Triptani nazo, kama sumatriptani ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza mwaka 2021 katika orodha ya dawa muhimu, hubana mishipa ya damu, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi hapewi. Wastani wa umri wenu hapa naukadiria kwa macho tu, msinikasirikie, lakini wenye presha na moyo hapa ni wengi. Mtu wa namna hiyo amebakiwa na njia chache za vidonge, na ndiyo maana mkanda ule unastahili kuzungumzwa. Sababu haina uhusiano na kwamba umetoka ng'ambo.

Kutumia umeme kwa maumivu ya kichwa ni jambo la kale. Karibu miaka 2,000 iliyopita Scribonius Largus, tabibu wa Kirumi, aliandika kwamba mwenye kichwa kisichopona awekewe samaki wa jamii ya taa, yule anayetoa umeme, akiwa hai, mpaka sehemu ife ganzi. Wavuvi wa Sahare mnacheka kwa kuwa mnamjua. Atakayejaribu, mimi simo.

Mkanda wa sasa unafanya kazi kwa njia tofauti, na uzuri wake uko kwenye njia hiyo. Mwaka 1979 Daniel Le Bars na wenzake huko Paris waligundua kwa panya kwamba ukiuchokoza mwili mahali pamoja kwa nguvu ya kuuma, chembe za uti wa mgongo zinazopokea maumivu ya mahali pengine hupunguza kelele. Nyinyi mnalijua jambo hili bila panya. Ukichomwa sindano unauma mdomo. Mama aliye kwenye uchungu wa uzazi anamshika mkunga mkono mpaka mkunga analalamika. Habari ya uchokozi inapanda mpaka kwenye shina la ubongo, na shina la ubongo linateremsha amri ya kupunguza maumivu mwili mzima, kwa kutumia kemikali za mwili wenyewe, serotonini na noradrenalini zikiwemo. Ni kama makao makuu yaliyopokea taarifa kutoka kituo kimoja yakatoa amri kwa vituo vyote.

Kampuni ya Theranica ya Israel ikaichukua kanuni hiyo ikatengeneza mkanda unaoitwa Nerivio. Unafungwa juu ya mkono, unaunganishwa na simu bila waya, na kwenye simu ndipo unapopandisha au kushusha nguvu. Unautumia dakika 45. Nguvu inayotakiwa ni ile unayoihisi sawasawa lakini haikuumi: inatosha kuiamsha mishipa inayopeleka habari za maumivu. Ukiiweka chini mno mkono unatekenywa tu na kichwa kinaendelea, ukiipandisha mpaka ikaanza kuuma umepitiliza. Na uanze mapema, ndani ya saa moja tangu dalili zianze. Askari wa kunyamaza hapa ana tatizo, maana yeye husubiri mpaka ashindwe kusimama.

Je, unafanya kazi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, Profesa David Yarnitsky akiwa kiongozi wa waandishi, ulichukua watu 252. Nusu walipewa mkanda wa kweli. Nusu walipewa mkanda wa sura ileile unaotekenya mkono, lakini mpigo wake umepangwa usiamshe mishipa inayotakiwa. Hakuna aliyejua amepewa upi. Baada ya saa mbili, waliopata nafuu kwa mkanda wa kweli walikuwa asilimia 66.7. Kwa ule wa uongo, asilimia 38.8. Ambao maumivu yaliisha kabisa walikuwa asilimia 37.4 dhidi ya 18.4.

Zisomeni hizo namba kama watu wazima. Asilimia 38.8 walipata nafuu kwa kifaa kisicho na kazi. Wengine kichwa kilikuwa kinaondoka chenyewe, wengine ni matumaini, na matumaini nayo yana nguvu mwilini, sitaki mtu ayadharau. Lakini ndiyo sababu ushuhuda wa jirani yako kwamba "nilivaa nikapona" hautoshi, uwe wa mkanda huu, wa bangili ya shaba, au wa mafuta yanayouzwa stendi. Tofauti ya 66.7 na 38.8 ndiyo kazi ya mkanda. Ni tofauti ya maana. Lakini kumbukeni pia kwamba katika kila watu watatu waliovaa mkanda wa kweli, mmoja saa mbili baadaye hakuwa amepata nafuu.

Mwaka huohuo wa 2019 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliuruhusu kwa watu wazima. Mwaka 2021 wakaongezwa vijana kuanzia miaka 12. Mwaka 2023 ukaruhusiwa pia kwa kuzuia kichwa kisije, yaani kuvaa siku moja, kupumzika siku moja. Katika utafiti wa namna hiyo waliouvaa walipunguza siku za kipandauso kwa wastani wa siku 4.0 kwa mwezi, na wa mkanda wa uongo 1.3.

Wamarekani wana vifaa vingine vya umeme vya kipandauso. Cefaly inabandikwa kwenye kipaji cha uso na iliruhusiwa mwaka 2014. GammaCore inashikwa shingoni. Hospitali za askari wastaafu kule huwapatia wagonjwa wao vifaa vya aina hii daktari akishaandika. Sababu ya kuvikimbilia mnaweza kuibuni: taifa limeumizwa vibaya na dawa za jamii ya afyuni, na mstaafu wao, kama wa kwetu, ana mfuko wa vidonge tayari. Kumtibu bila kumwongezea kidonge kingine ni nafuu kwa figo zake.

Sasa afande wangu wa bei. Sitakutajia bei kwa sababu inategemea nani anakulipia, na kule wengi hulipiwa. Nitakutajia hesabu nyingine. Mkanda mmoja una matumizi 18, yakiisha unaagiza mwingine. Unahitaji simu janja yenye chaji wakati kichwa kinaanza, na umeme wetu mnaujua. Mwenye betri ya moyo au kifaa kingine cha umeme ndani ya mwili hautumii. Mwenye moyo ulioshindwa kazi hautumii, wala mwenye kifafa kisichodhibitiwa. Kwa hiyo ule umati wa wenye moyo niliosema una njia chache za vidonge, baadhi yao na huu mkanda unawakataa. Daktari ndiye wa kuamua nani yuko upande gani.

Na tahadhari kubwa kuliko zote ni ya soko. Picha ikishazunguka kwenye simu, haichukui muda vitu vinavyofanana nayo kuzunguka barabara za Ngamiani. Kinachotetemeka si lazima kitibu. Vifaa tiba nchini vinasimamiwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na una haki ya kumuuliza muuzaji kama chake kimesajiliwa. Akianza kukuapia kwa mama yake badala ya kujibu, ondoka.

Wazee wangu wa Kagera, hapa nawasemesha nyinyi hasa. Kipandauso kwa kawaida huanza ujanani, na wengi hupungukiwa umri unapokwenda. Ikiwa kichwa kimekuanza baada ya miaka 50, hukuwahi kuwa nacho, usikiite kipandauso na usiulize habari za mkanda. Nenda hospitali ya Bombo ukapimwe. Inaweza kuwa presha, inaweza kuwa mishipa ya kichwa yenyewe imevimba, na huo ugonjwa ukicheleweshwa unachukua macho. Vivyo hivyo kichwa kilichokupiga ghafla kama hujawahi kupigwa, kichwa chenye homa na shingo kukakamaa, kichwa kilichokuja na mdomo kupinda, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito. Hao hawasubiri Jumatatu.

Wengine wote, kabla ya kifaa cha kuagizwa kuna vitu vilivyopo hapahapa. Daftari: andika siku uliyoumwa, siku uliyomeza, na ulilala saa ngapi. Daktari akiona daftari la miezi miwili anafanya kazi nyingine kabisa na wewe. Kuna vidonge vya zamani vya kuzuia, propranololi na amitriptilini, vya bei ya chini, vinavyoandikwa na daktari, na propranololi haimfai mwenye pumu. Chakula kisichorukwa. Maji. Na kahawa, jamani, kahawa ya barazani na kashata zake. Siizuii, ingekuwa kujitafutia ugomvi na mji mzima. Lakini mnywaji wa vikombe vingi akiiacha ghafla, kichwa kinamuuma kwa kuikosa, na siku za mwanzo za Ramadhani zinawaonyesha wengi wenu jambo hilo. Ianzeni kuipunguza tangu Shaabani, taratibu.

Aliye kwenye mtego wa vidonge vya kila siku asiviache vyote peke yake usiku wa leo. Kichwa hupanda kwanza kabla ya kushuka, na zipo dawa zinazotakiwa kupunguzwa kwa mpango. Na vidonge vya presha na sukari havimo kabisa katika maneno yangu ya leo, hivyo endeleeni navyo kama mlivyoandikiwa.

Karatasi za maswali nimepewa. Mmoja anauliza kama kuvaa mkanda kunafunguza saumu. Mimi ni wa migongo, hilo ni la sheikh, mpelekeeni na mwambieni haupitishi kitu kinywani wala hauingizi dawa mwilini. Mama mmoja anauliza kama mumewe anaweza kumwazima mkanda wake. Hapana, mama. Nguvu yake hupangwa kwa mtu mmoja, na wewe hujapimwa.

Na hili la mwisho nililitarajia: kwa nini nisiwawekee ile mashine yangu ya umeme ya hospitalini, si umeme ni umeme? Mashine yangu haikupangwa mpigo wa namna ile, na haikufanyiwa majaribio ya kipandauso kwa kufungwa mkononi. Shingoni kwa mbele haiwekwi kabisa, kichwani vilevile, na wewe uliyenunua ya kwako mtandaoni nakuomba usijaribu. Mwenye goti aje Jumatatu asubuhi, nitamfungia. Mwenye kichwa apange foleni kwa daktari, aje na daftari na mfuko wake wa dawa, vyote, hata zile za kwenye gazeti.